Jengo Likipigwa X, Nani Alipe?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa vijana baada ya Swala ya Isha. Rekodi yake haisikiki vizuri na wengi mmeomba, kwa hivyo nimeyaandika. Nimetoa maswali ya katikati; mengine nimeyaacha kama yalivyosemwa.)

Wazee wetu mliobaki kutusikiza, dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu ambao najua mechi ishaanza na bado mmekaa: Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Leo tunaongea kuhusu nyumba mbovu. Naona wengine washaanza kuangaliana, wasema huyu amekosa mada. Ngojeni kidogo.

Kuna mji mmoja hapa Pwani ambapo nimefanya kazi ya mitaani kwa miaka kadhaa. Sitautaja, manake sikuja kumuaibisha mtu. Kuna jumba la zamani la ghorofa mbili, kuta za matumbawe, dari za boriti. Chini ni maduka, juu zaishi familia sita. Asubuhi moja wakati wa masika, kipande cha roshani kikaanguka. Chini ya ile roshani kila siku hukaa mama auza mahamri na mbaazi. Siku hiyo alichelewa kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa. Meza yake ilivunjika vipande viwili. Watoto wa madrasa walikuwa wamepita pale dakika chache kabla.

Watu wakasema alhamdulillah, hakuna aliyekufa. Na mimi nilisema. Halafu kila mtu akaenda zake. Nikamuuliza mzee mmoja pale barazani, "Babu, hii nyumba mwaijua mbovu tangu lini?" Akaniambia, "Mwanangu, tangu wewe hujazaliwa."

Nikaanza kuzunguka. Kwa chifu nikaambiwa ni kazi ya kaunti. Kwenye afisi ya kaunti dirisha la kwanza likanipeleka la pili, la pili likanipeleka la tatu. La tatu likaniambia: "Kijana, hii ni nyumba ya mtu binafsi, serikali haiwezi kuingilia."

Hilo jibu ndilo lililonifanya nikakaa nikasoma sheria. Na ndilo jibu nataka tulivunje usiku huu. Kwa sababu wengi wetu twaliamini. Twaona nyumba ya fulani yaoza, twasema ni mali yake, ni shauri lake. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Na fiqhi yetu pia, kama nitakavyowaonyesha, haisemi hivyo kirahisi.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 40 chalinda mali ya mtu. Ni kweli, na ni kizuri. Lakini kifungu cha 66 chasema dola yaweza kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa umma, afya ya umma na mipango ya ardhi. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Na ukifungua Jedwali la Nne, pale serikali kuu na kaunti walipogawiwa kazi, utakuta mipango, nyumba na uondoaji wa taka viko upande wa kaunti. Kwa hivyo yule wa dirisha la tatu alikosea. Kaunti yaweza kuingilia. Na zaidi ya kuweza, yatakiwa.

Sasa, yaingilia kwa njia gani? Njia ziko kadhaa, na ni muhimu kuzitofautisha, manake ukibisha mlango usio wako utazungushwa mpaka uchoke.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Hii ni sheria ya tangu ukoloni, lakini bado yafanya kazi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida. Kifungu cha 115 chakataza mtu kuacha kwenye ardhi au jengo lake kero inayoweza kudhuru afya ya watu. Kifungu cha 118 chaeleza kero ni nini: nyumba iliyo katika hali ya kuhatarisha afya, choo kibovu, mtaro ulioziba, taka zilizorundikana. Hata kiwanja kitupu kilichogeuzwa jaa chaingia humo. Anayeshughulika na haya ni afisa wa afya ya umma, yule wazee wetu walimuita bwana afya. Yuko chini ya kaunti. Hana haja ya kungoja mtu afe.

Mlango wa pili ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Hii ni ya mambo ya ujenzi: mtu ameongeza ghorofa bila kibali, au amepewa kibali cha kitu kimoja akajenga kingine. Waziri wa kaunti anayehusika ampa ilani ya kumtaka asimamishe au arekebishe. Aliyepewa ilani akiona ameonewa, ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusikiza mizozo ya mipango. Asiporidhika hapo, yuko na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mlango wa tatu ni wa majengo ya kale. Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na kwingineko, kuna nyumba zinazolindwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Lamu iko kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu 2001. Ukiwa na nyumba kama hiyo huamki asubuhi ukaleta tingatinga. Watu wa turathi lazima wahusishwe. Kwa hivyo mtu akisema "jengo ni bovu, tulibomoe kesho," hilo nalo lina utaratibu wake.

Na mlango wa nne ni idara ya kitaifa ya ukaguzi wa majengo, iliyoundwa 2015 baada ya majengo kuporomoka hapa na pale. Hao ndio wengi mwawajua kwa ile alama nyekundu ya X ukutani.

Hiyo X ndiyo kichwa cha mazungumzo yetu. Mimi nimekaa na watu wengi waliopigwa X kwenye ukuta. Wote walielewa kitu kimoja: tumefukuzwa. Mwenye nyumba naye aelewa hivyo hivyo, na saa nyingine hufurahi. Lakini hebu tusome sheria yasema ilani iende kwa nani.

Kifungu cha 119 cha ile Sura ya 242. Chasema ilani ya kuondoa kero apewe yule aliyeisababisha. Asipopatikana, apewe anayekaa pale au mwenye jengo. Halafu yaja sentensi ambayo nawaomba muishike. Kama kero imetokana na kasoro ya jengo lenyewe, yaani ukuta, paa, ngazi, msingi, au kama jengo halina mtu ndani, ilani inakwenda kwa mwenye jengo. Haiendi kwa mpangaji. Mpangaji hakujenga ule ukuta, na hana ruhusa ya kuubomoa.

Mwenye jengo akipuuza, kifungu cha 120 chasema apelekwe mahakamani. Mahakama yaweza kumuamuru afanye kazi, yaweza kumtoza faini, yaweza kufunga nyumba isikaliwe mpaka irekebishwe. Akiendelea kupuuza, wenye mamlaka ya afya waweza kuingia, wakaifanya kazi wenyewe, kisha wakamdai gharama.

Umesikia hapo? Kazi ifanywe, bili iende kwa mwenye nyumba. Hii sheria iko. Wangapi hapa mmewahi kuona ikitumika? Nyoosheni mikono. ... Sawa. Mkono mmoja, na huyo ni babu wa enzi ya manispaa.

Sasa nirudi kwenye dini, manake nilisema fiqhi haitofautiani sana na haya. Katika vitabu vya fiqhi kuna mlango wa ukuta ulioinama. Wanazuoni walijiuliza: mtu ana ukuta, umeanza kuinamia njia ya watu, ukamuangukia mpita njia. Nani alaumiwe? Ukitazama al-Hidaya, kitabu cha fiqhi ya Kihanafi cha Imamu al-Marghinani aliyefariki 1197, utakuta jibu la kina. Kabla ya kuonywa, mwenye ukuta hadaiwi. Lakini akishaambiwa auondoe, akapata muda wa kutosha, akanyamaza, ukianguka ni juu yake kulipa. Na nani ana haki ya kumuonya? Mtu yeyote mwenye haki ya kupita ile njia, Muislamu au asiye Muislamu, kwa sababu njia ni ya wote.

Na kuna jambo jingine walilosema, mimi nilipolisoma nilirudia mara mbili. Ukimuonya anayeishi tu ndani ya nyumba, onyo lako halihesabiki. Kwa sababu yeye hana uwezo wa kuubomoa ule ukuta. Onyo lazima limfikie mwenye uwezo.

Yaani miaka 800 iliyopita wanazuoni wa Kiislamu washasema kile kifungu cha 119 chakisema: usimbebeshe mpangaji mzigo wa mwenye nyumba. Dola ya Uthmaniya iliyaweka mambo ya huo ukuta katika sheria yake, Majalla, karne ya 19. Sisi hapa wengi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu kuna tofauti kuhusu ukuta uliojengwa sawa kisha ukainama baadaye. Mimi si sheikh, sitoi fatwa. Kaulizeni masheikh wenu. Lakini kwamba Mtume s.a.w. ametukataza kudhuriana, na kwamba kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni sehemu ya imani, hilo hakuna asiyelijua hapa. Tumelifahamu kama kuokota mwiba na ganda la ndizi tu. Roshani inayoning'inia juu ya watoto wa madrasa nayo ni kitu cha kudhuru njiani.

Sasa swali la haki: kama sheria iko, mbona nyumba ziko vile ziko?

Sababu ya kwanza, ilani huandikwa halafu hakuna anayeifuata. Mwakumbuka Huruma, Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa, jengo la ghorofa sita likaporomoka. Zaidi ya watu 45 walifariki. Lile jengo lilikuwa tayari limeonekana halifai na kuamriwa libomolewe. Lakini watu waliendelea kukaa ndani, na kodi iliendelea kulipwa. Karatasi ilikuwepo. Hakukuwa na mtu nyuma ya ile karatasi.

Sababu ya pili, kaunti hupenda kazi inayoonekana. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa iliamuru wenye majengo katikati ya mji wayapake rangi nyeupe na buluu. Wengine walinung'unika, wengi wakapaka. Mimi silaumu, mji ulipendeza. Lakini angalieni hilo lilitufundisha nini. Lilituonyesha kaunti ikitaka, yaweza kumlazimisha mwenye jengo, tena jengo la binafsi. Basi kama yaweza kumlazimisha apake rangi, yaweza kumlazimisha atengeneze ngazi. Rangi haizibi ufa.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe, na hapa nawaomba tusikasirikiane. Nyumba nyingi mbovu katika mitaa yetu si za tajiri asiyejali. Ni nyumba za marehemu babu. Babu alifariki, mirathi haikugawanywa. Warithi wakawa watoto, watoto wakawa na watoto. Leo nyumba moja ina warithi 20 au 30. Mmoja yuko Muscat, mmoja Dubai, mmoja Uingereza, wawili hawasemezani tangu harusi ya fulani. Kodi yakusanywa na binamu mmoja ambaye asema yatosha kulipa maji tu. Bwana afya akija na ilani, ampe nani? Kila mmoja asema "mimi si mwenye nyumba, mimi mrithi tu."

Na kuna ile hali ya kwetu Pwani ya nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu mwingine, walipa kodi ya kiwanja. Ukitaka kutengeneza, mwenye ardhi aona wajiimarisha, akataa. Usipotengeneza, yakuangukia. Hapo kila mmoja amnyooshea mwenzake kidole, na aliye ndani ndiye anayelala akisikiza mchanga ukidondoka darini.

Na tuwe waadilifu kwa wenye nyumba pia. Kuna nyumba zina kodi ndogo sana, kodi ya zamani. Nyumba ya makazi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi yalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, na mpangaji hawezi kutolewa bila amri ya jopo linalosikiza kesi hizo. Huo ni ulinzi mzuri kwa maskini. Lakini mwenye nyumba naye atakuuliza, fundi na boriti nitanunua na nini? Ni swali la kweli, na kaunti yapaswa kusaidia kulijibu, kwa mfano kwa kumpunguzia kodi ya ardhi yule anayetengeneza.

Basi niwamalizie stori ya lile jumba.

Baada ya kusoma, tukaandika barua. Ukurasa mmoja. Tukataja kifungu cha 118 na 119, tukaambatisha picha tatu na majina ya watu 41 wa mtaa pamoja na sahihi zao. Tukapeleka kwa afisa wa afya ya umma, nakala kwa MCA. Tukahakikisha nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Bwana afya alikuja. Ilichukua muda na tulipiga simu mpaka akaijua sauti yetu, lakini alikuja, akakagua, akatoa ilani kwa mwenye nyumba.

Tukafurahi. Twapigana mabega pale barazani. Baada ya siku nne, wapangaji wote sita wakapokea ujumbe kwenye simu: nyumba imetangazwa hatari, muwe mmehama kwa siku saba.

Ndugu zangu, nilishikwa na aibu ambayo sijui nitaieleza vipi. Kuna mama mjane pale juu, ana watoto wanne na anaishi kwa kushona. Alinitazama akaniambia, "Mwanangu, ulikuja kunisaidia au kunitoa?" Sikuwa na jibu. Sisi tulifikiria roshani. Hatukuwafikiria watu walioko nyuma ya ile roshani, na hatukuwahi hata kuwagongea mlango kabla ya kuandika ile barua kwa jina la mtaa.

Hapo ndipo nilipojifunza kile nataka muondoke nacho leo. Ilani ya jengo bovu ni deni la mwenye nyumba. Mara tu tunapolala, ageuza iwe deni la mpangaji. Nyumba mbovu ikiwa kwenye kiwanja cha bei kubwa, ubovu wake wawa biashara. Yaachwa ioze makusudi, yapigwa X, watu watolewa, na mwaka ujao kuna ghorofa kumi pale na hakuna hata mmoja wa waliotoka anayeweza kulipa kodi yake. Kwa hivyo anayepigania jengo liwe salama bila kupigania watu wake, ajue aweza kuwa anamfanyia kazi mnunuzi wa kiwanja.

Tulirudi, safari hii tukaanza na wapangaji. Ujumbe wa simu wa siku saba hauna nguvu ya amri ya mahakama. Ilani ilisema atengeneze, haikusema awafukuze. Wapangaji wakaandika barua yao wenyewe, wakaomba kazi ifanywe kwa sehemu, upande mmoja kwanza halafu wa pili, ili watu wasogezane ndani kwa ndani. Mzee wa msikiti akawaita warithi watatu waliopo mjini, wakakaa mpaka saa nne usiku. Mwisho wake roshani iliteremshwa, ngazi ikawekwa boriti mpya, na choo cha chini kikazibuliwa. Paa bado. Familia tano ziko pale mpaka leo. Yule mama mjane alihama kabla hatujamaliza, aliogopa. Sijamsahau.

Kuna miji nje ya nchi iliyokwenda mbali zaidi, na ni vizuri tujue ili tujue cha kuomba. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako kuna mji wa Philadelphia wenye Waislamu wengi, lilipitisha sheria mwaka 2008. Jengo likikaa tupu angalau mwaka mzima na likawa bovu, jirani au shirika lisilo la faida laweza kwenda mahakamani, likaomba ateuliwe msimamizi. Msimamizi alitengeneza, gharama zarudishwa kutoka kwa mali yenyewe. Sisi hilo wazo si geni kwetu. Msimamizi wa wakfu ni nani kama si mtu aliyepewa mali isiyo yake aitunze kwa manufaa ya wengine? Lakini huko huko Philadelphia watu wamelalamika kwamba wanunuzi wakubwa wametumia sheria hiyo kuchukua nyumba za warithi maskini. Kwa hivyo tukiomba sheria kama ile kwenye bunge letu la kaunti, tuombe na kufuli zake: warithi watafutwe kwanza, na aliye ndani asitolewe bila mahali pa kwenda.

Haya, kazi. Sitaki mtoke hapa mmefurahi tu. Mambo sita, na yawezekana kufanywa na kijana mwenye simu na nauli ya matatu.

Kwanza, ongea na wanaoishi ndani kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao ndio wenye kesi.

Pili, piga picha zenye tarehe. Ufa wa leo, ufa wa mwezi ujao. Usiweke nyuso za watu wala mambo yao ya ndani kwenye mtandao. Hifadhi ya mama wa watu si kitu cha kupatia likes.

Tatu, andika. Maneno ya dirishani hayana kumbukumbu. Peleka nakala mbili, moja ibaki nayo kwako ikiwa na muhuri na tarehe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti na kwa bunge la kaunti, na kaunti ina wajibu wa kujibu.

Nne, uliza. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, waweza kuomba kujua: jengo hili lilikaguliwa lini, ripoti yasemaje, ilani ilitolewa kwa nani, hatua gani ilifuata? Wana siku 21 kukujibu. Na kama habari yenyewe yahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Jengo linaloanguka lahusu uhai. Andikeni hivyo kwenye barua. Wasipojibu, malalamiko yaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Tano, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema mtu anayeumizwa na uamuzi wa serikali ana haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi. Mtu akija na tingatinga asubuhi, swali la kwanza ni: iko wapi amri, na nani aliitia sahihi? Uliza kwa adabu, bila mawe. Twataka kijana alale kwake, asilale seli. Na kama amri ya mahakama ipo na jengo kweli laanguka, tusiwe sisi wa kumwambia mama akae ndani na watoto. Hapo kazi yetu ni kutafuta lori, pa kulala, na wakili.

Sita, tuanze na zetu. Msikiti wenye nyumba za wakfu, kamati itueleze: kodi yaingia ngapi, matengenezo yatoka ngapi, ngazi ile itashikiliwa na kamba mpaka lini? Aliyeweka wakfu aliiweka mali yake kwa ajili ya thawabu isiyokatika, na sisi twaiacha inyeshewe. Na wewe ambaye nyumba ya babu yenu haijagawanywa, nenda kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba, kifungu cha 170, na mirathi ni kazi yake hasa. Mkikubaliana hata msimamizi mmoja tu, basi siku bwana afya akija kuna mtu wa kupokea ilani. Kumwambia kaunti afanye kazi yake huku nyumba yetu wenyewe yamdondokea mpangaji wetu, hiyo haifai.

Nimalizie. Yule mama wa mahamri bado auza pale pale. Amepata meza nyingine. Kila nikipita hunitania, atazama juu kwanza halafu ndiyo anipakulia mbaazi. Mimi hucheka, lakini najua paa bado, na masika mengine yaja.

Kwa hivyo wiki hii, kila kundi la mtaa lichague jengo moja. Moja tu. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane hapa hapa na picha na majina ya wanaokaa ndani, tuandike barua pamoja. Kalamu nitaleta mimi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofukiwa chini ya majengo yaliyojulikana kuwa mabovu, awalinde watoto wetu njiani, na atujaalie tusiwe katika walioona wakanyamaza.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.